Mkasi na Chaki

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Barazani kwake Ngamiani, mjini Tanga, palikuwa na vitu viwili ambavyo sisi watoto tulikatazwa kuvigusa: mkasi na chaki. Mkasi ulikuwa mzito, ukilala kwenye droo ya cherehani huku umeviringishwa kipande cha khanga kuukuu. Haukukata karatasi, haukukata kamba, haukukata kucha. Ulikuwa wa kitambaa tu. Chaki ilikuwa bapa, ya samawati, imelika pembe kwa kutumika. Kabla mkasi haujavuliwa khanga yake, chaki ilikuwa imekwisha kupita kote: bega, kwapa, kiuno, pindo, na kando yake nafasi ya mshono.

Nilipokuwa na miaka minane niliuiba mkasi ule nikakatia boksi la viatu, nitengeneze gari. Mama hakunichapa. Alinipa kipande cha satini akaniambia nikate. Satini ikatafunika badala ya kukatika, nyuzi zikafumuka kama ndevu za muhindi. Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Mkasi hauna macho, mwanangu. Macho ni ya aliyeushika." Tangu siku hiyo nililisikia kwa masikio mengine swali alilowauliza wanagenzi wake kila walipopanua mkasi juu ya kitambaa cha mteja: "Umepiga chaki?"

Sikurithi cherehani. Nilisomea maabara, na huu ni mwaka wa ishirini na kitu nikifanya kazi hiyo. Lakini nilichokuta huko ni kukata kulekule. Ndani ya kila seli yenye kiini mwilini mwako mna uzi wa DNA ambao ukinyooshwa wote hufikia karibu mita 2. Uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, zikipangwa na kupangwa tena hadi kufika bilioni 3 katika nakala moja ya maandishi yote ya mwanadamu. Na humohumo ndani ya seli mna mikasi. Wataalamu huiita nukliasi: vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kukata DNA, au kukata RNA, ile nakala ya muda inayochukuliwa kutoka kwenye DNA ili kupeleka maagizo mahali protini zinapotengenezwa.

Mtu akisikia hivyo mara ya kwanza hushtuka. Kwa nini mwili ubebe mikasi karibu hivyo na maandishi ya uhai wake? Kikulacho si ki nguoni mwako? Nami niliogopa hivyo zamani. Leo naamini kwamba pasipo kukata hakuna uhai, na kwamba linalotenganisha kukata kunakojenga na kukata kunakobomoa ni lile swali la mama. Sikulijua hilo kwa kusoma vitabu pekee. Nililijua pia nyumbani kwetu, kwa njia iliyotuuma.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilitumia siku mbili kutoa RNA kwenye seli. Nilivaa glovu, nikatumia maji maalumu, nikaweka kila kichupa kwenye barafu. Jioni ya pili niliipitisha RNA ile kwenye jeli kwa nguvu ya umeme, nikiwa natarajia kuona mistari miwili safi iking'aa. Nikaona ukungu, umeanza juu ukashuka hadi chini, hauna mwanzo wala mwisho. RNA yangu ilikuwa imekatwa vipande vidogo vidogo visivyohesabika. Mwalimu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulijifuta jasho?" Nikakumbuka: joto lilikuwa kali, nilijipangusa kipaji cha uso kwa mkono wenye glovu, kisha nikafungua kifuniko cha kichupa kwa vidole vilevile.

Ngozi ya mwanadamu hutoa ribonukliasi, mikasi ya RNA. Mmojawapo, unaoitwa ribonukliasi 7, huua bakteria wanaotua juu ya ngozi. Ni mlinzi wetu. Na ukoo wa mikasi hii ni mgumu ajabu. Ule uliochunguzwa zaidi, unaotoka kwenye kongosho la ng'ombe, hustahimili kuchemshwa: maabara nyingi huuchemsha kwa dakika 15 ili kuua vimeng'enya vya kukata DNA vilivyochanganyika nao, wenyewe ukabaki mzima. Christian Anfinsen, mwanakemia wa Marekani, alikikunjua kimeng'enya hicho kwa kemikali hadi kikapoteza umbo na kazi, kisha akaziondoa kemikali zile. Kikajikunja chenyewe kurudi kilivyokuwa na kuanza tena kukata. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972.

Siku ile nilijifunza kwamba mkasi wa kuogopwa zaidi ulikuwa mkononi mwangu mwenyewe, nami sikujua kuwa ninao. Lakini nilipozidi kusoma nilijifunza jambo la pili. RNA haikuumbwa idumu. Ndani ya bakteria agizo la RNA huishi dakika chache tu, kisha hukatwa. Katika seli zetu huweza kuishi saa kadhaa. Kama maagizo hayo yasingekatwa, seli ingeendelea kutekeleza leo amri ya jana: kutengeneza protini ya njaa wakati chakula kimeshafika, kupiga vita wakati adui ameshaondoka. Mwili mzima hupanga maneno yake yafe kwa wakati.

Sisi wanadamu hatuna kimeng'enya cha namna hiyo kwa maneno yetu. Neno likishatoka kinywani huishi. Kuna neno moja ambalo lingekatwa siku lilipotamkwa, lingeiokoa nyumba ya dada yangu.

Dada alikuwa na mtoto wa kike wa miezi kumi. Asubuhi moja vidole vya mtoto vilikuwa vimevimba, vya mikono na vya miguu, vimetuna kama ndizi kisukari, na mtoto alilia kila alipoguswa. Ilichukua wiki kadhaa na vituo viwili vya afya kabla ya jibu kupatikana: selimundu. Jibu likafika ukweni kabla dada hajamaliza kulielewa mwenyewe. Mama mkwe akasema mbele ya watu waliokuja kumjulia hali mtoto, "Kwetu hakuna damu ya namna hii. Ugonjwa huu umekuja na mama yake." Shemeji yangu alikuwapo. Akanyamaza.

Sentensi ile haikufa. Ilipita jikoni, ikapita kisimani, ikapita harusini. Kila homa ya mtoto iliihuisha. Baada ya miezi minne dada alishuka na mtoto mgongoni na begi moja mkononi, akaingia barazani kwa mama. Hakuandikiwa talaka, lakini hakuna aliyekuja kumfuata. Ukoo ulikuwa umekata shauri.

Nimefikiri sana kuhusu namna Kiswahili kinavyolitumia neno hili. Tunakata shauri, tunakata tamaa, tunakata rufaa, tunakata mzizi wa fitina, tunakata kiu. Mgonjwa aliye katika dakika zake za mwisho hukata kauli. Na hata safari ya kuwa mtu inaanza pale mkunga anapokata kitovu. Mababu waliotuachia lugha hii walikwisha kuona kwamba kila jambo kubwa lina mkato ndani yake. Hawakutuambia kwamba mikato yote ni sawa. Ukweni kwa dada walikata pasipo chaki.

Nitaeleza chaki ni nini, na mwalimu wangu hapa ni kiumbe kidogo mno, bakteria.

Bakteria naye ana adui: virusi vinavyotua juu ya mwili wake na kumdunga DNA ya kigeni, ili imgeuze kiwanda cha kuzalisha virusi vingine. Katika miaka ya 1960, Werner Arber na wenzake mjini Geneva walichunguza kwa nini virusi vilevile hufaulu katika bakteria wa aina moja na kushindwa katika wa aina nyingine. Wakabaini kwamba bakteria huikata DNA ya mgeni. Swali gumu likabaki: mkasi ukiwa huru ndani ya seli, kwa nini usikate DNA ya mwenye nyumba? Kwa sababu ameitia alama. Pale ambapo mkasi ungekata, kimeng'enya cha pili huwa kimekwisha kubandika kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili. Aina mojawapo ya E. coli, bakteria anayeishi matumboni mwetu, ina mkasi unaotafuta herufi GAATTC. Juu ya DNA yake mwenyewe herufi hizo zina alama, na mkasi huzipita bila kuzidhuru.

Mwaka 1970 Hamilton Smith na wenzake, huko Johns Hopkins mjini Baltimore, walieleza mkasi wa kwanza wa aina hii unaokata mahali maalumu kabisa. Dalili waliyoiona ni ya kawaida kiasi kwamba mama yangu angeielewa. Mchanganyiko wenye DNA ndefu huwa mzito, unavutika kama mlenda. Walipochanganya maji yaliyotolewa ndani ya bakteria wao na DNA ya virusi, uzito ule ukapungua, maana nyuzi zilikuwa zikikatika. Walipotia DNA ya bakteria yuleyule, mlenda ukabaki mlenda. Mwenzao Daniel Nathans akautumia mkasi huo kukata DNA ya kirusi kinachoitwa SV40, akapata vipande 11, na kwa kuvipanga akaweza kuchora ramani yake. Arber, Smith na Nathans waligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1978.

Chaki ya mama ilionyesha pa kukata. Chaki ya bakteria inaonyesha pasipoguswa. Zote mbili zina kanuni moja: alama hutangulia mkasi. Jua kwanza kilicho chako. Mtu asiyejua kilicho chake, akishikwa na hofu, humkata wa kwake akidhani ni mgeni. Hivyo ndivyo walivyomfanyia dada yangu na mtoto wao wa damu.

Mwaka wa pili wa dada kukaa kwetu, nilikata tiketi ya basi nikaenda kumwona shemeji. Sikwenda kugombana. Nilikwenda na karatasi na kalamu, na ndani ya kichwa changu nilikuwa na jeli moja niliyoiona chuoni.

Selimundu hutokana na herufi moja. Katika jeni ya sehemu moja ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, mahali panapopaswa kuandikwa GAG pameandikwa GTG. A imekuwa T. Herufi moja kati ya bilioni 3, na chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni duara laini, inajikunja kama mundu pale oksijeni inapopungua, inaziba mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu. Sasa iko nukliasi ya bakteria inayokata penye herufi C na T, kisha herufi yoyote, kisha A na G. Jeni nzima ina CTGAG mahali hapo, nayo hukatwa. Jeni ya selimundu ina CTGTG. Mkasi unafika, unapapasa, haupati A yake, unapita. Kwa hiyo penye afya pana vipande viwili vifupi, na penye selimundu panabaki kipande kimoja kirefu kisichokatwa. Mwaka 1982 Yuet Wai Kan wa San Francisco, na wengine pia, walitumia mkasi wa namna hii kuitambua selimundu moja kwa moja kwenye DNA, hata ya mtoto aliye tumboni.

Nilimchorea shemeji mistari mitatu iliyosimama. Wa kwanza wa mtu asiye na jeni hii: vipande vifupi tu. Wa tatu wa mtoto wake: kipande kirefu tu. Kisha nikamchorea wa katikati, wenye vyote, kirefu na vifupi. "Huyu wa katikati," nikamwambia, "haumwi. Anacheza mpira, analima, anaoa. Lakini nusu ya kile anachorithisha ni kirefu. Mtoto hawezi kupata virefu viwili kutoka kwa mzazi mmoja, shemeji. Kimoja hutoka kwa mama. Kingine hutoka kwa baba."

Hakusema kitu. Nje mtu alikuwa akichanja kuni. Nikaendelea, maana kunyamaza kwake kulinitia woga: nikamweleza kwamba mistari ya katikati ikikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye selimundu, na kwamba jeni hii haikuletwa na laana wala uchafu wa damu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye jeni moja ya namna hii wamekingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imejaa pwani kwetu na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye mbu wengi. Wahenga wetu wengi walivuka utoto wao kwa ngao hiyo. Sisi tumerithi ngao pamoja na gharama yake.

Hapo shemeji alichukua kalamu mkononi mwangu. Pembeni mwa mistari yangu akachora mwingine, polepole, akaandika chini yake jina la kaka yake. Kaka huyo, aliniambia, alikuwa akilia miguu kila masika. Walimpaka mafuta, wakampeleka kwa waganga, wakasema ni kijicho cha jirani. Alikufa akiwa na miaka saba. "Kwetu ilikuwapo," akasema. Alirudia mara mbili. "Kwetu ilikuwapo."

Baada ya wiki moja alikwenda kupima, naye akakutwa mbebaji, kama dada.

Ningeweza kuishia hapo nikasema ukweli ulishinda. Lakini kurekebisha kilichoharibika ni kazi kubwa kuliko kugundua, na katika hilo pia nukliasi ni walimu.

Jua likiunguza DNA ya ngozi, mara nyingi herufi mbili jirani hushikana visivyo. Kidonda chenyewe ni cha herufi mbili tu. Hata hivyo seli haikati herufi mbili. Mikasi miwili hufika, mmoja juu na mmoja chini ya kidonda, na kuondoa kipande cha herufi kati ya 24 na 32. Ndipo kiraka kipya kinaposhonwa kwa kufuata uzi wa upande wa pili ambao haujaharibika. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, ni mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 kwa kuonyesha jinsi matengenezo hayo yanavyofanyika. Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu katika mfumo huu. Jua la kawaida kwao ni hatari ya saratani.

Mama alifanya vivyo hivyo. Ukimletea kanzu yenye tundu dogo la moto wa sigara, alikata tundu likawa kubwa zaidi. Wateja waliruka. Yeye aliendelea kukata hadi afike kwenye kitambaa kizima, akisema kwamba kiraka hakishikani na kilichoungua.

Shemeji alikuja kwetu kuomba radhi. Mama alimkaribisha, akampa chai, kisha akamuuliza, "Neno lile lilisemwa wapi, baba?" Akajibu kwamba lilisemwa kwao, mbele ya watu. "Basi kitambaa kizima kiko huko," mama akasema. Ikabidi arudi kwao, awaite wazee walewale, awaeleze habari za vipimo vyake, amtaje kaka yake aliyekufa, na kukiri kwamba alinyamaza siku ambayo hakupaswa kunyamaza. Neno lilikuwa moja. Alilazimika kulikata pamoja na yote yaliyolizunguka. Mama yake alilia kwa ajili ya mwanawe yule wa miaka saba, kilio kilichochelewa miaka thelathini. Ndipo dada alipofuatwa.

Tangu wakati huo, nikimkosea mtu, sijaribu tena kukata herufi mbili. Pole ya haraka haraka ni kiraka juu ya kitambaa kilichoungua.

Mwili una mafunzo mengine juu ya kukata, na mengine ni ya upole mkubwa. Ndani ya seli zetu nyingi mna mkasi wa DNA ambao ukiachiwa huikatakata DNA yote, na seli ikafa kwa utaratibu, bila kumwaga sumu kwa majirani. Ni lazima uwepo: seli iliyozeeka au iliyoharibika hupaswa kuondoka. Lakini maisha yake yote mkasi huo umefungwa ndani ya protini nyingine, kama ule wa mama ndani ya khanga. Kundi la Shigekazu Nagata wa Japani lilieleza jambo hili mwaka 1998, na likaonyesha kitu kinachonigusa kila nikikifikiria: mkasi huo hauwezi hata kujikunja katika umbo lake sahihi pasipo mlinzi huyo kuwapo wakati unapozaliwa. Anayeuzuia ndiye anayeulea. Hivyo ndivyo ningependa hasira yangu iwe, ilelewe na kilekile kinachoizuia.

Halafu kuna jicho. Seli za lenzi ya jicho, zikishakomaa, huvunja viini vyake na kukata DNA yake yote kwa nukliasi maalumu, ili mwanga upite bila kuzuiwa. Panya waliozaliwa bila kimeng'enya hicho huwa na mtoto wa jicho. Mama naye alipata mtoto wa jicho, kwa uzee tu, akafanyiwa upasuaji. Siku bandeji ilipoondolewa alinitazama, akatazama khanga ya dada, akataja rangi zake moja moja. Nikawaza jinsi zile seli zinavyoachia hata maandishi ya uhai wake zenyewe ili mtu mzima aone.

Nisisahau kwamba sisi sote tulianza kwa mkato. Katika kutengeneza mbegu za uzazi, seli huikata DNA yake kwa makusudi, sehemu nyingi, ili kilichotoka kwa babu na kilichotoka kwa bibi vibadilishane vipande kabla ya kuungwa tena. Ndiyo sababu mojawapo ya ndugu wa tumbo moja kutofanana. Hakuna mkato hata mmoja wa namna hiyo unaofanywa bila fundi wa kuunga kusubiri karibu.

Na leo mkasi umepewa macho. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kwamba mkasi mwingine wa bakteria, Cas9, unaongozwa na kipande cha RNA. Ukibadilisha herufi 20 za RNA hiyo, mkasi unakwenda kukata pale unapotaka wewe. Wakapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia mkasi huo. Hairekebishi ile herufi moja. Inakata swichi inayozima himoglobini ya utoto tumboni, ili himoglobini hiyo irudi kufanya kazi na chembe zisijikunje. Nilisoma habari hizo usiku, nikakaa kitandani nikilia kwa furaha. Kisha nikasoma bei: dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, pamoja na dawa kali za kusafisha uboho na majuma hospitalini.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Mkasi wenye macho upo, lakini haujaiona njia ya kuja kwetu, na hilo si kosa la mkasi. Macho ni ya aliyeushika. Naamini hatuna haki ya kukata tamaa, wala ya kungoja tumekunja mikono: kupima watoto wachanga, dawa za kuzuia maambukizi, dawa iitwayo haidroksiyurea, chandarua, maji ya kutosha, mzazi anayejua dalili za hatari, haya yanaokoa watoto leo hii. Na ukweli wa mistari mitatu hauhitaji dola hata moja.

Mpwa wangu sasa ana miaka kumi na saba. Amelazwa mara nyingi, amekosa mitihani, amezika rafiki wawili wa kliniki. Mwezi uliopita alikuja barazani kwa bibi yake akatangaza, "Nimekata shauri. Nitasomea uuguzi." Dada akaanza kuhesabu sababu za kukataa: zamu za usiku, baridi, uchovu, maumivu yatakayomshika akiwa kazini. Mama, ambaye sasa hashoni tena, aliinua uso kutoka kwenye mkeka akauliza swali lake lilelile.

"Umepiga chaki?"

Binti akafungua mkoba wake. Akatoa kadi yake ya kliniki, iliyochakaa pembe kama ile chaki ya samawati, na ndani yake karatasi aliyoikunja mara nne. Alikuwa ameandika miezi anayougua zaidi, saa anazoweza kusimama, vyuo viwili vilivyo karibu na kliniki yake, na mstari mmoja wa mwisho aliousoma huku anamtazama mama yake: atakayetaka kumwoa atapima kwanza, na hatatafutwa mwenye lawama.

Mama alinyoosha mkono akaipokea karatasi ile. Akaisoma yote, polepole, kwa macho yake mapya. Kisha akamrudishia.

"Kata," akasema.